Maji Ndani ya Difu

Kama Badru angefunga mdomo siku ile, aibu yake ingekuwa ya watu wawili tu, yeye na fundi, na ingeisha kama aibu nyingi zinavyoisha: mmoja anacheka, mwingine ananunua soda. Lakini Badru na kufunga mdomo walikuwa hawajawahi kukutana.

Alikuwa kijana wa miaka ishirini na minane, mnunuzi wa maharage pale Kibondo mjini, mjukuu wa watu wa Ujiji. Na alikuwa mshairi. Hakuna shule iliyomfundisha. Alijifunza kuhesabu mizani kwa vidole, peke yake, juu ya magunia, mpaka watu wa kundi la simu la wafanyabiashara wa Kibondo na Kasulu wakawa wanaisubiri sauti yake kama wanavyosubiri bei ya mahindi. Mtu akikosea, Badru alimtungia beti. Mtu akipatia alimtungia pia, ila fupi zaidi.

Barabara kuu siku hizi ni lami, lakini maharage hayaoti kwenye lami. Mvua ikishika, njia za vijijini huteleza kama sabuni, na mwenye pikipiki huisukuma zaidi ya anavyoipanda. Badru alitaka gari la kupanda milima. Akasikia kwamba Kasulu yuko mwalimu mstaafu, mjane, anauza Landrova ya zamani ya marehemu mumewe, kilomita elfu arobaini na sita tu.

Elfu arobaini na sita! Kuna bodaboda Kibondo zimezidi hapo.

Alimkuta Mwalimu Veronica uani kwake, gari likiwa bandani chini ya turubai. Marehemu mumewe, Renatus, alikuwa bwana mifugo. Alilinunua kwenye mnada wa mradi uliofungwa, akawa analiendesha Jumamosi kwenda shamba Rungwe Mpya na Jumapili kwenda kanisani, basi. Alipofariki, gari lilisimama miaka tisa. Mjane alikuwa akiliwasha kila Jumamosi asubuhi, linanguruma robo saa, analizima.

"Kwa nini hukuliuza mapema, mama?" Badru aliuliza.

"Nilipenda kusikia linawaka, mwanangu. Nyumba ilikuwa inachangamka." Kisha akatazama jua, akajifunga kitenge vizuri. "Tufanye haraka kidogo. Leo Alhamisi, siku ya sanduku. Sanduku la kikundi chetu cha akinamama lina kufuli tatu, na kila ufunguo una mtu wake. Wa tatu ninao mimi, mwaka wa kumi na moja huu. Nisipofika, halifunguki." Alisema hivyo huku akigusa uzi mweusi uliobeba ufunguo shingoni, na Badru aliona kuwa katika vyote alivyokuwa navyo mama yule, nyumba, banda na gari, ule uzi ndio aliouonea fahari.

Fundi aliyeletwa kulikagua gari aliitwa Reverien, mtu wa Munanila mwenye gereji pale Kasulu, mpole wa maneno, mwenye vidole vyeusi hata siku ya sikukuu. Alilala chini ya gari muda mrefu. Alipotoka, alijipangusa mgongo, akasema, "Gari ni zima. Ila limelala miaka tisa. Mdogo wangu, gari lililolala ni kama mzee aliyelala kitandani: hajachoka, lakini viungo vimekauka. Sili zote za mpira zinazozuia oili kuvuja, za difu kule nyuma inakozungusha magurudumu na za magurudumu yenyewe, zimekuwa ngumu kama ukoko. Niachie wiki moja nibadilishe mpira wote na oili yote."

"Fundi, elfu arobaini na sita! Gari hili bado linanyonya."

"Ndiyo maana naogopa. Sijui litanyonya nini."

Watu waliokuwepo wakacheka, na Badru akacheka nao.

"Haya," Reverien alisema, "kama una haraka, basi usiliingize kwenye maji mpaka urudi nikubadilishie hizo sili. Umenisikia?"

"Nimekusikia, kaka. Naam, naam." Aliitikia kama mtu anayeitikia wimbo wa harusi ambayo si ya ndugu yake.

Vitu vilivyoonekana Badru alivibadilisha vyote. Alinunua tairi mpya zenye meno marefu, akavisha viti ngozi ya bandia, akapaka gari rangi ya kijani kibichi, akapandisha juu taa nne zilizotosha kuangaza uwanja wa mpira. Vitu visivyoonekana aliviacha kama vilivyokuwa. Nani angelala chini ya gari kumsifia sili?

Na vumbi la nyanda zile ni jekundu; gari la kijani likirudi kutoka vijijini linakuwa la rangi ya tofali. Hilo Badru hakuliweza. Kila Ijumaa kabla ya swala aliteremka na gari mpaka kijitoni, pale vijana wanapooshea pikipiki. Wenye busara huegesha kando na kuchota maji kwa ndoo. Badru aliliingiza lote, likiwa bado la moto kutoka safari, mpaka maji yakafika katikati ya magurudumu na mvuke ukapanda kutoka chini yake. Wanawake waliokuwa wakifua waliinua vichwa. Mwenyewe alisimama mlangoni, suruali imekunjwa, akalisugua huku akiimba. Alifanya hivyo Ijumaa kumi na moja.

Ijumaa ya kumi na mbili haikufika. Ilikuwa Jumamosi, na Badru alikuwa amewapakia wazee wanne wanaopeleka posa kijiji kimoja upande wa Kakonko. Walivaa kanzu nyeupe, wametulia kama watu wanaopigwa picha. Kwenye mlima wa tatu gari lilianza kulia kutoka nyuma, mlio mrefu kama wa mbwa aliyefungiwa. Badru akaongeza sauti ya redio. Mlio ukazidi redio. Kisha kikasikika kishindo, chuma kikatafuna chuma, na gari likasimama, magurudumu ya nyuma yamekaza kama yamezikwa.

Wazee walishuka, wakamaliza safari kwa miguu. Mzee Khamisi, rafiki wa baba yake Badru, alifika hatua kadhaa, akageuka, kanzu yake tayari nyekundu mpaka magotini.

"Badru," alisema, "umeuziwa mzoga, baba. Wamekupakia rangi."

"Rangi nilipaka mwenyewe, mzee."

"Basi umewasaidia."

Wenzake walicheka mpaka kwenye kona. Badru alibaki peke yake na gari, masikio yakiwaka moto. Mtu mwingine angefungua boneti, au angekaa kivulini akangoja. Yeye alitoa simu. Vina vilikuja vyenyewe, vimejipanga, na hapo ndipo shetani alipo, kwani kitu kikija kwa urahisi namna ile mtu hudhani ni kweli. Alibonyeza kitufe cha sauti, akalisomea kundi zima, watu mia mbili na zaidi:

*Mwalimu kanifundisha, somo la kukumbukika,*
*Mita aliirudisha, ya gari lililochoka,*
*Mzoga kauvalisha, kanga mpya ukawaka,*
*Mwenye kumpa funguo, sanduku litamtoka.*

Kabla hajaweka simu mfukoni, vicheko vilikuwa vimeanza kuingia. *Kaka umeua. Huyu si Mwalimu Veronica wa Kasulu? Tuma tena tusambaze.* Akatuma tena.

Siku kumi baadaye gari lilivutwa na lori mpaka Kasulu, kwa Reverien. Badru hakulipeleka kwa fundi wa Kibondo makusudi: alitaka fundi yule yule aliyelikagua asimame mbele ya watu aseme kwamba yeye Badru alidanganywa, kwamba mita ilirudishwa nyuma. Alifika amevaa shati lililopigwa pasi. Gerejini palikuwa na watu sita hivi, na mmoja wao, muuza spea anayeitwa Abbasi, alipomwona tu akapaza sauti: "Mzoga kauvalisha!"

Wengine wakamalizia, "Kanga mpya ukawaka!"

Badru alitabasamu, akainua mkono kidogo, kama mtu anayekataa sifa ili aongezewe.

Reverien hakuimba. Aliingia chini na spana, akaweka karai chini ya difu, akafungua nati ya kumwagia oili. Badru alichuchumaa aone. Kilichotoka hakikuwa cheusi wala cha rangi ya asali. Kilitoka kizito, cheupe chenye kijivu, kama chai ya maziwa iliyolala, na ndani yake vipande vya chuma vikimetameta.

Abbasi alichungulia. "Fundi, hii ni oili au uji?"

"Ni oili iliyokunywa maji," Reverien alisema akiwa bado chini. Alitoka taratibu, akamtazama Badru. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Umelipitisha wapi gari hili, mdogo wangu?"

"Barabarani."

"Barabara gani yenye maji?"

Mtu mmoja nyuma ya Badru akasema, "Si analiosha mtoni kila Ijumaa? Ameweka picha mwenyewe kwenye simu." Ikatolewa simu, ikapita mkono kwa mkono: Badru amesimama mlangoni, suruali imekunjwa, maji yamefika katikati ya gurudumu, na chini ameandika *Mfalme na farasi wake*.

"Sikiliza," Reverien alisema, kwa sauti ya kumfundisha mtu na si ya kumshitaki. "Difu ikitoka safari ni ya moto, hewa ndani imetanuka. Ukiitumbukiza ghafla kwenye maji ya baridi, ile hewa inasinyaa, difu inavuta pumzi. Ina kijibomba chake cha kupumulia juu, lakini hiki chako kimezibwa na tope. Basi inavutia pale penye upenyo, kwenye sili zilizokauka. Kila Ijumaa imekunywa funda moja. Maji hayalainishi chuma. Yamekula beringi, beringi zimekula meno ya gia."

"Lakini mita, fundi. Hizo kilomita..."

Reverien alifungua mlango wa dereva, akaonyesha sakafuni. "Tazama pedali. Mpira wa breki bado una mistari yake yote. Gari la kilomita laki tatu, pedali inakuwa laini kama kisigino. Dereva anaandika kilomita kwa mguu kabla mita haijaandika. Hii mita ni ya kweli. Nilijua siku ile, na ndiyo maana nilikwambia gari ni zima."

Hakuna aliyecheka. Badru angependa wacheke. Abbasi, aliyekuwa anaimba muda si mrefu, alikuwa anatazama karai. Mwingine alikohoa, akatoka nje kupiga simu ambayo pengine haikuwepo.

Badru alimvuta Reverien kando ya pipa la oili chafu. "Kaka, hili libaki hapa hapa. Tengeneza, nitaondoka zangu. Sitasema tena lolote juu ya yule mama."

"Hutasema lolote?" Reverien alifuta spana moja kwa muda mrefu. "Wako watu sita hapa, Badru. Utawanyamazisha wote? Na nikuambie jambo. Mke wangu yumo kwenye kile kikundi. Alhamisi iliyopita walimnyang'anya Mwalimu ufunguo. Mtu alicheza sauti yako kwenye kikao, mbele yake, mara mbili, maana mara ya kwanza wengine hawakusikia vizuri. Mwenyekiti akamwambia, tunza heshima yako, utupe ufunguo mpaka jambo hili lieleweke. Mama akauvua mwenyewe. Mke wangu anasema uzi ulinasa kwenye hereni, na hakuna aliyenyanyuka kumsaidia."

Badru aliutunga ule mstari wa mwisho kwa sababu ulipatana na mizani. Hakuna ushahidi wowote aliokuwa nao zaidi ya huo.

Alikwenda kwa miguu. Mwalimu Veronica alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua maharage. Badru aliinama mlangoni pa ua, akapiga makofi madogo ya heshima kama Waha wanavyomsalimu mkubwa. "Mwakeye, mama."

Mkono wa mama uliendelea kutenga mawe. Makofi yakabaki hewani, mtu mzima anapiga makofi peke yake kwenye ua wa mtu. Aliyapiga tena. Ndipo mama akaitikia, kwa sauti ndogo, kwa sababu aliyelelewa vizuri haiachi salamu ianguke.

"Karibu, bwana Badru."

Bwana Badru. Siku ile alikuwa *mwanangu*.

Alimweleza yote akiwa amesimama: mto, difu, maji, pedali. Alipomaliza alisema, "Nisamehe, mama. Wallahi nilikuwa na hasira."

"Umeniambia mimi," alisema Veronica. "Mimi nilikuwa najua tangu mwanzo kuwa sikuigusa mita. Hukunipa habari."

"Nimetunga shairi, mama. La kukusafisha." Na ni kweli, alilitunga njiani, kutoka gerejini mpaka pale, beti tatu. Alianza kulisoma. Ubeti wa kwanza ulikuwa mzuri kuliko zote alizowahi kutunga. Alipofika kituo cha kwanza aliisikia sauti yake mwenyewe inapanda, inatamba, inangoja kusifiwa. Mama alikuwa ameacha kuchambua.

"Ni zuri," alisema.

"Asante, ma..."

"Ni zuri sana. Watu watalipenda. Watasema, mwone Badru alivyo muungwana. Mimi nitakuwa nani humo? Niliwahi kuwa mwizi kwenye shairi lako, sasa niwe malaika kwenye shairi lako." Alirusha jiwe moja nje ya mkeka. "Nimefundisha darasa la tatu miaka thelathini na moja. Mtoto akivunja dirisha, sikumwambia aimbe. Nilimwambia asimame mbele ya wenzake aseme: nimevunja dirisha. Alhamisi saa tisa tunakutana. Njoo useme bila vina."

Usiku wa kuamkia Alhamisi hakulala, na asubuhi aliwahi kulirushia kundi la simu sauti yake, dakika moja na nusu, maneno matupu. Nililiosha gari mtoni. Niliambiwa nisiliingize kwenye maji. Mita ni ya kweli. Mwalimu Veronica hakunidanganya, mimi ndiye niliyemsingizia. Mpaka saa nane ni watu tisa tu waliokuwa wamejibu, na wawili kati yao waliuliza shairi liko wapi.

Kikao kilikuwa kwenye darasa la chekechea, akinamama ishirini na wanne kwenye viti vya watoto, magoti juu. Sanduku la chuma la bluu lilikuwa mezani na kufuli zake tatu. Mwenyekiti, mama mnene aliyeitwa Elieth, hakumkaribisha kukaa.

"Sema, kijana. Tuna kazi."

Badru alisimama. Mikono yake haikujua mahali pa kwenda. Kwenye shairi mikono ina kazi yake, hapa ilining'inia tu. Alisema aliyoyasema kwenye simu, lakini huku kila sentensi ilikuwa na macho ya watu ishirini na wanne.

"Ngoja," alisema bibi mmoja wa nyuma. "Uliliingiza gari la moto kwenye maji ya baridi?"

"Ndiyo, bibi."

"Chungu kikitoka motoni, unakitia kwenye maji?"

"Hapana, bibi."

"Nani alikufundisha kuwa gari ni tofauti?"

Kicheko kilipita, akakivumilia. Kisha mama mwembamba aliyekuwa amevaa ule ufunguo wa tatu shingoni, Ininahazwe, aliuliza swali ambalo hakulitarajia. "Huo mstari wa sanduku. Gari na sanduku letu vinahusiana nini? Mita ungeweza kuitilia shaka, sawa. Sanduku uliliona wapi?"

Badru alitafuta jibu lenye heshima, akakosa. Kulikuwa na moja tu, nalo lilikuwa dogo na chafu.

"Alinitajia mwenyewe siku nanunua gari," alisema. "Niliona anaupenda ule ufunguo. Nilitaka kupiga panapouma. Na mizani ilikubali."

Mama mmoja aliguna. Veronica alikuwa ameketi kando ya dirisha, anatazama nje, uso wake hauonyeshi kitu. Ininahazwe aliinamisha kichwa, akautoa uzi mweusi shingoni, akauweka mezani kando ya sanduku. Badru alihisi machozi ya faraja yakipanda, akageuka kumtazama Mwalimu auchukue.

Mwalimu hakunyanyuka.

"Mwenyekiti," alisema, "mgeni amemaliza. Atoke kwanza. Haya ya ndani ni yetu, si yake ya kutazama."

"Umesikia, kijana," alisema Elieth. "Mlango huo."

Alitoka. Nyuma yake mlango ulifungwa na komeo likasukumwa. Alisimama uwanjani juani, kiatu kimoja ndani ya mchanga wa watoto, na ndani alisikia viti vikivutwa, sauti zikipishana kwa Kiha haraka mno kwa sikio lake la mjini, mtu akipinga, mwingine akimkatiza. Iliwachukua muda. Alijua angepaswa kuondoka, miguu haikukubali.

Kisha sauti ya Elieth ilipanda juu ya zote, kwa Kiswahili cha kikao. "Haya, tufungue. Ufunguo wa kwanza!"

"Nipo!"

Kufuli ikalia.

"Wa pili!"

"Nipo!"

"Wa tatu!"

Kiti kikavutwa, hatua zikaelekea mezani. Badru alisogea hatua moja karibu na dirisha.

"Nipo," alisema Mwalimu Veronica.

Moyo wa Badru uliruka kwa furaha, na papo hapo akaona haya kwa kufurahi, kama mtu aliyechoma nyumba ya jirani kisha anapiga vigelegele majirani wengine wanapouzima moto. Hakuna alichokuwa amempa mama yule. Aliondoka kwa hatua za polepole ili viatu visisikike dirishani, akaelekea gerejini kumwambia Reverien abadilishe sili zote.